Kura, Redio na Walioshindwa: Mrengo wa Kushoto Mashariki mwa Kongo

Mrengo wa kushoto wa Kongo uliongoza serikali kwa nguvu ya kura mara moja tu, tangu mwisho wa Juni hadi tarehe 5 Septemba 1960. Baada ya hapo uliwahi kupigwa marufuku, kushika bunduki, kwenda uhamishoni na kuingia serikalini kama mshirika mdogo, lakini haukushinda tena. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mitaa kama Ndosho, upande wa magharibi wa jiji la Goma, komini ya Karisimbi, kando ya barabara inayokwenda Sake na Masisi. Hapo wanaishi wasukuma chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo), wamotari, wauza makaa na mboga, vibarua wa ujenzi, na familia zilizokimbia vita vya Masisi kwa awamu nyingi tangu miaka ya 1990. Wanabeba maji kwa madumu ilhali Ziwa Kivu liko karibu. Ni watu ambao kila chama cha kushoto duniani hudai kuwasemea, na kwa zaidi ya miaka 60 hakuna chama cha namna hiyo kilichopata ushindi wa maana kwao.

Wanakushoto wenyewe hawajibu kwa sauti moja kwa nini imekuwa hivyo. Wengi husema kura ziliibwa, au hazikupewa nafasi ya kuamua chochote. Wengine hutaja redio, magazeti na televisheni, kwamba mshindi huchaguliwa na anayemiliki kipaza sauti. Wachache, tena kwa shida, hukubali kwamba vyama vyao viliwaacha wapiga kura kabla wapiga kura hawajaviacha. Majibu mawili ya kwanza yana ushahidi mzito katika historia ya Kongo. La tatu lina ushahidi pia, na ndilo linaloeleza zaidi kilichotokea Kivu.

Kisa cha kwanza ambacho kila Mlumumba hurejea ni kile cha redio ya Léopoldville. Katika uchaguzi wa Mei 1960, MNC ya Patrice Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137 vya Baraza la Wawakilishi. Ilikuwa ndiyo idadi kubwa kuliko ya chama chochote, ingawa haikutosha kutawala bila washirika. Mmoja wa washirika hao alitoka Kivu. CEREA, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1958, kilipata viti 10 bungeni kwa kudai uhuru wa haraka na nchi moja isiyogawanyika, na kwa kupata wafuasi miongoni mwa watu waliochoshwa na mashamba makubwa ya Wazungu. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi, Anicet Kashamura wa kisiwa cha Idjwi, aliingia katika serikali ya Lumumba kama waziri wa habari na utamaduni. Kwa hiyo mwanasiasa wa kushoto kutoka Ziwa Kivu ndiye aliyekuwa na dhamana ya redio ya taifa wakati redio hiyo ilipokuwa uwanja wa vita.

Jioni ya tarehe 5 Septemba, Rais Joseph Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfuta kazi Lumumba. Usiku huohuo Lumumba alifika kituoni na kujibu, zaidi ya mara moja, kwamba Kasavubu ndiye aliyepoteza uhalali. Usiku huo na siku iliyofuata maofisa wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Mmarekani Andrew Cordier, waliifunga redio na viwanja vya ndege kwa maelezo ya kulinda amani. Kwa maneno, amri hiyo iliwahusu wote. Kwa vitendo, ilimbana mmoja. Kasavubu alivuka hewani kupitia Redio Brazzaville, ng'ambo ya mto, ambako Rais Fulbert Youlou alikuwa mwenzake. Lumumba hakuwa na redio nyingine. Baraza la Wawakilishi lilikutana tarehe 7 Septemba na kubatilisha hatua za pande zote mbili. Seneti ikamuunga mkono Lumumba siku iliyofuata kwa kura 41 dhidi ya 2. Wabunge walikuwa wamesema, lakini nchi haikuwasikia. Tarehe 11 Septemba Lumumba alijaribu tena kuingia kituoni akazuiwa na askari wa Ghana waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, askari wa nchi ya Kwame Nkrumah, rafiki yake mkubwa kuliko wote barani. Siku tatu baadaye Kanali Mobutu alitangaza, kwa redio hiyohiyo, kwamba amewasimamisha wanasiasa wote. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Ni vigumu kumlaumu mtu aliyejifunza siasa kutokana na kisa hiki akiamini kwamba kura bila redio ni karatasi tupu. Imani hiyo ilipita kizazi hadi kizazi, na ina msingi. Hata hivyo kisa cha Kivu mwaka huohuo kina upande mwingine usiosimuliwa sana. CEREA kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote katika bunge la jimbo, na mmoja wa watu wake, Jean Miruho, akawa rais wa serikali ya jimbo. Lakini chama chenyewe kilikuwa kimeshagawanyika kati ya wafuasi wa Kashamura na wale wa Jean-Chrysostome Weregemere, na Miruho akashika njia yake mwenyewe. Lumumba alipoangushwa mjini Léopoldville, hapakuwa na CEREA moja ya kusimama Bukavu na Goma. Hakuna redio iliyofungwa iliyosababisha mpasuko huo.

Kati ya 1967 na 1990 swali la kushindwa uchaguzi halikuwepo, kwa sababu MPR ya Mobutu ndiyo iliyokuwa dola na sauti ya dola ilikuwa moja. Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966 huku wafuasi wa Lumumba wakiwa gerezani au uhamishoni. Picha ya shujaa ilibaki; mpango wake wa siasa ulifutwa. Mtu aliyekulia Goma katika miaka hiyo alimjua Lumumba kama jina la barabara kabla ya kumjua kama mwanasiasa aliyekuwa na maoni kuhusu ardhi na madini.

Vyama viliporuhusiwa na hatimaye uchaguzi huru ukafanyika tarehe 30 Julai 2006, bendera ya Lumumba ilishikwa na Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu waziri mkuu wake mwaka 1960 na mwasisi wa chama cha PALU mwaka 1964. Alikuwa na miaka 80. Kati ya wagombea urais 33 alishika nafasi ya tatu kwa 13.06% ya kura, nyuma ya Joseph Kabila aliyepata 44.81% na Jean-Pierre Bemba aliyepata 20.03%. Chama chake kilipata viti 34 kati ya 500. Kwa chama kilichoishi mafichoni miaka mingi haikuwa aibu. Ila kura hizo zilitoka hasa Bandundu, kwao Gizenga. Kivu ya Kaskazini ilimfuata Kabila kwa wingi mkubwa, na katika duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba zaidi ya tisa kati ya kila kumi ya wapiga kura wake walimchagua.

Waandishi wa habari, wa Kinshasa na wa nje, walilieleza tukio hilo kwa maneno mepesi: Mashariki dhidi ya Magharibi, Kiswahili dhidi ya Kilingala. Wanakushoto walilalamikia maelezo hayo na walikuwa na haki ya kulalamika. Mpiga kura wa Ndosho hakumpa Kabila kura yake kwa sababu ya lugha. Goma ilikuwa imekaa chini ya waasi wa RCD tangu 1998 hadi 2003, ushuru wake ukikusanywa nao, vijana wake wakipelekwa vitani. Bemba alikumbukwa kwa jeshi lake la MLC lililofanya unyama Ituri na kuelekea Beni mwishoni mwa 2002. Kabila alionekana kuwa ndiye aliyetia saini amani. Hiyo ilikuwa hesabu ya kisiasa, iliyopigwa na watu waliojua wanachokimbia. Habari iliyoandikwa kana kwamba mikoa ilipiga kura kwa silika iliwanyima watu wa Kivu akili waliyoitumia, na iliondoa mezani maswali ambayo mrengo wa kushoto ulitaka kuyauliza: mashamba ya ng'ombe ya Masisi ni ya nani, koltani ya Rubaya inamnufaisha nani, kwa nini Virunga ina maji mengi na jiji halina.

Lakini PALU haikuyauliza maswali hayo Goma. Haikuwa na mizizi Kivu, haikuwa na kituo cha redio cha Kiswahili, wala watu wa kutembea nyumba kwa nyumba katika mitaa ya lava ya komini ya Karisimbi. Kilichofuata kiliongeza umbali. Mwezi Septemba 2006 PALU iliafikiana na kambi ya Kabila, na mwisho wa mwaka Gizenga akawa waziri mkuu. Serikali yake ilianzisha mwaka 2007 ukaguzi wa mikataba zaidi ya 60 ya madini, kazi ambayo mwanakushoto yeyote angejivunia. Magazeti ya Kinshasa yalipenda zaidi kuandika juu ya umri wake na ukimya wake. Aliondoka Oktoba 2008. Adolphe Muzito wa chama hichohicho akamrithi hadi 2012. Katika uchaguzi wa 2011 PALU ilimuunga mkono Kabila tena, na viti vyake vikashuka kutoka 34 hadi 19. Hapa hoja ya wizi haitoshi, kwa sababu PALU ilikuwa upande wa mshindi. Chama kilichoitwa cha wanyonge kilikuwa kimeshika uwaziri mkuu karibu miaka mitano na mtu wa Ndosho hakuweza kutaja kitu kimoja kilichobadilika katika maji, barabara au bei ya unga wa muhogo.

Jinsi habari za siasa zinavyomfikia mtu huyo inastahili kuelezwa kwa kina, maana lawama nyingi za kushoto dhidi ya vyombo vya habari hurushwa bila kutazama jinsi vinavyofanya kazi. Magazeti ya Kinshasa hayakuwahi kuwa chakula cha Goma: ni machache, ni ya Kifaransa, na bei ya nakala moja ni pesa ya mboga. Chombo halisi ni redio. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Chiluba na Kikongo. Ipo RTNC, redio ya serikali, ambayo kila serikali imeitumia kama mali yake. Zipo redio za jiji, za makanisa, za mashirika na za wafanyabiashara. Jioni husikilizwa idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI, na kwa miaka mingi Sauti ya Amerika. Kisha simu ikaja, na sasa habari nyingi hupita kwenye makundi ya WhatsApp kama sauti zilizorekodiwa, zisizojulikana zimetoka kwa nani.

Mwandishi wa redio ndogo za Goma mara nyingi hana mshahara wa kumtosha, na wengine hawana kabisa. Anayeitisha mkutano na waandishi huwapa pesa, zinazoitwa usafiri mbele ya watu na coupage kwingine kote Kongo. Aliyetoa hutangazwa, asiyetoa husubiri. Mwaka 1988 Wamarekani Edward Herman na Noam Chomsky walieleza kwamba vyombo vya habari vya nchi tajiri huinamia wenye mali kupitia umiliki, matangazo ya biashara na utegemezi wa vyanzo rasmi. Nadharia hiyo hunukuliwa sana na wanakushoto wa Afrika, lakini Goma inahitaji marekebisho. Matangazo ya biashara ni machache mno kuweza kumtawala mhariri. Anayelipa ni yule anayezungumziwa habarini, mkononi, siku hiyohiyo. Kwa hiyo upendeleo hauhitaji njama wala itikadi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba au umoja wa wauza samaki hauwezi kulipa waandishi kumi kila wiki. Mgombea aliyetoka Kinshasa na gari tatu anaweza.

Juu ya hayo kuna umiliki. Mwaka 2006 Bemba alikuwa na Canal Congo Télévision. Digital Congo ilihusishwa na Jaynet Kabila, dada wa rais. Baadaye Moïse Katumbi alikuwa na Nyota TV mjini Lubumbashi, ambayo serikali iliifunga alipohamia upinzani. Mwenye chaneli hupiga kampeni mwaka mzima, asiye nayo huhesabiwa siku za kampeni. Na kabla hata ya kampeni kuna ada. Mgombea urais mwaka 2018 alilipa dola 100,000 zisizorudishwa, na sheria ya uchaguzi ya Desemba 2017 iliweka kizingiti cha 1% ya kura za nchi nzima kwa chama kupata kiti cha ubunge. Chama chenye nguvu katika komini mbili za Goma pekee kingeweza kushinda pale na bado kikakosa mbunge. Wanakushoto walioita sheria hiyo uzio wa matajiri hawakutia chumvi.

Haki inadai pia kusemwa kwamba wale wanaolaumiwa kwa jumla kama vyombo vya habari wamelipa kwa damu. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu mwezi Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008 katika mji huohuo. Ukosoaji unaomweka ripota wa Bukavu au Goma katika kapu moja na mwenye chaneli wa Kinshasa ni ukosoaji mvivu, na unawaumiza watu wasio na ulinzi wowote.

Mwaka 2012 vijana wa Goma walichukua njia nyingine. Walianzisha LUCHA, Mapambano kwa ajili ya Mabadiliko, wakakataa kuwa chama, kusimamisha wagombea, na kuwa na rais. Walianza na maji, barabara na kazi. Baadhi yao wasingekubali kuitwa wa kushoto, na hakuna sababu ya kuwavisha kofia wasiyoichagua. Lakini madai yao yalikuwa yale ambayo PALU ilipaswa kuyabeba miaka sita nyuma. Walikataa kuwapa waandishi bahasha, kwa hiyo walilazimika kutafuta njia nyingine ya kusikika: kufagia barabara, kukaa chini mbele ya ofisi, kuandika barua za wazi, kupiga picha na kuzisambaza wenyewe. Machi 2015 mwanachama wao Fred Bauma alikamatwa Kinshasa pamoja na Yves Makwambala na kushikiliwa hadi Agosti 2016. Februari 2016 wanachama sita walikamatwa Goma wakitayarisha siku ya mji kufungwa. Mwaka huohuo Amnesty International iliipa LUCHA tuzo pamoja na vuguvugu za Senegal na Burkina Faso.

Tazama habari zilizowahusu na utaona jinsi siasa ya chini inavyoripotiwa. Kukamatwa kwao kulitangazwa Paris na Brussels. Madai yao juu ya mabomba ya maji yalibaki kwenye redio za jiji, dakika mbili, baada ya salamu za mheshimiwa. Mwandishi wa nje alitaka mashujaa na magereza. Mama wa Ndosho alitaka kujua bomba litafika lini. LUCHA ilijitahidi kuwajibu wote wawili, na kwa kufanya hivyo ilipata kitu ambacho vyama vya kushoto vilikikosa: watu waliosema "hao vijana ni wetu" bila kuulizwa. Bei ya kukaa nje ya uchaguzi ilikuwa kwamba siku ya kura watu haohao walikuta kwenye orodha majina yaleyale ya zamani.

Siku hiyo ilifika tarehe 30 Desemba 2018, ikiwa imecheleweshwa miaka miwili. Katika Goma watu walipanga foleni kwa mashine za kupigia kura zilizotengenezwa Korea Kusini. Beni na Butembo, ngome za upinzani kaskazini mwa jimbo, pamoja na Yumbi magharibi, walikuwa wameondolewa: uchaguzi wao uliahirishwa hadi Machi 2019, baada ya rais mpya kuapishwa, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni moja walikosa sauti. Mjini Beni vijana walitengeneza vituo vyao, wakaweka masanduku, wakanawishana mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura za karatasi zisizotambuliwa na yeyote. Martin Fayulu alishinda huko kwa mbali sana.

Fayulu hakuwa mwanakushoto. Alikuwa meneja wa zamani wa kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, akiungwa mkono na matajiri kama Katumbi na Bemba, na pia na Muzito. Wanakushoto waliomtetea walikuwa wakitetea hesabu. Kanisa Katoliki lilikuwa limeweka waangalizi 40,000, na mwanzoni mwa Januari maaskofu walisema takwimu zao zilionyesha mshindi aliye wazi, bila kumtaja. Intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba kwa karibu wiki tatu. Masafa ya RFI yalizimwa na mwandishi wake Florence Morice akanyang'anywa kibali. Goma ilikuwa na tundu moja katika ukuta huo: karibu na mpaka wa Gisenyi, wenye laini za Rwanda walinasa mtandao, kisha habari zikapanda pikipiki hadi Katindo, Ndosho na Mugunga kwa mdomo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, Corneille Nangaa, mwenyekiti wa CENI, yaani tume ya uchaguzi, alimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa 38.57%, Fayulu 34.83%, Emmanuel Ramazani Shadary 23.84%. Siku chache baadaye gazeti la Financial Times la London na RFI wakachapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja zilizobeba 86% ya kura: Fayulu 59.4%, wenzake wawili chini ya 20% kila mmoja. Mahakama ya Katiba ikaidhinisha matokeo ya CENI. Matokeo ya kila kituo, ambayo PV zake, yaani karatasi rasmi za matokeo, zilibandikwa mlangoni na kusomwa na watu wa mtaa, hayakuchapishwa.

Kisa hiki kinageuza lawama ya kawaida. Mwaka 1992, Neil Kinnock wa chama cha Labour aliposhindwa Uingereza, gazeti la The Sun lilijisifu kwamba lilimpa mshindi ushindi, na wanakushoto wa huko wakabishana miaka mingi juu ya nguvu ya gazeti la tajiri. Kongo mwaka 2019, gazeti la wafanyabiashara wa London lilikuwa miongoni mwa walioipigania kura ya Mkongo wa kawaida, wakati redio ya taifa ilikuwa kimya. Anayepima vyombo vya habari kwa itikadi ya mmiliki peke yake hawezi kueleza hilo. Kilichofanya kazi ni vitu viwili vilivyokutana: mtu wa ndani aliyetoa takwimu, na maelfu ya waangalizi wa parokia waliokuwa wamenakili namba kwa kalamu. Bila wale wa parokia, takwimu zilizovuja zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Majirani wana visa vya namna hiyo. Zanzibar mwaka 1963 ASP ilipata takriban 54% ya kura na viti 13 tu kati ya 31, na miezi michache baadaye dola ikapinduliwa. Kenya mwaka 1966 KPU ya Oginga Odinga ilipata kura nyingi kidogo kuliko KANU katika uchaguzi mdogo, lakini viti 9 kati ya 29, huku Sauti ya Kenya ikiwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1969 ikapigwa marufuku. Tofauti yao na Kongo ni kwamba Odinga alikuwa na Nyanza nyuma yake na ASP ilikuwa na matawi hadi mashambani. Walishindwa wakiwa na watu. Mrengo wa kushoto wa Kongo, mashariki angalau, umekuwa ukishindwa bila watu, na ndiyo maana malalamiko yake, hata yakiwa ya kweli, hayakusababisha mtu wa Ndosho kutoka nyumbani.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulionyesha hilo kwa namba. Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya 73%, Katumbi akapata 18%, Fayulu chini ya 5%. Muzito, mrithi wa karibu zaidi wa siasa za Gizenga katika orodha, alipata 1% na kidogo. Denis Mukwege, daktari wa Bukavu mwenye Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, aliyezungumziwa sana na vyombo vya dunia, aliambulia 0.22%. CENI yenyewe ilifuta wagombea ubunge na udiwani 82 kwa udanganyifu, wakiwemo mawaziri na magavana, hivyo namba zote hizi zishikwe kwa tahadhari. Hata hivyo pengo la Mukwege lina fundisho kwa wanaoamini kwamba tatizo lao ni kutotangazwa: sifa za nje, hata zikiwa za haki, hazigeuki kura pale ambapo hakuna mtu wa kusimama kituoni hadi usiku akilinda PV.

Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa, kwa sababu kundi la waasi la M23 lilikuwa limeshika sehemu kubwa ya wilaya hizo na uandikishaji haukuwezekana. Maelfu ya wakazi wake walikuwa Goma siku ile ya kura, katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, nyingine umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ndosho. Waliwatazama wenyeji wakienda vituoni. Katika habari za uchaguzi za Kinshasa walitajwa kama idadi ya wakimbizi, katika sehemu ya misaada. Hakuna chama, cha kushoto wala cha kulia, kilichofanya kura yao iliyokosekana kuwa hoja yake kuu, ingawa hao ndio maskini waliopoteza zaidi kuliko Mkongo mwingine yeyote.

Siku tano kabla ya kura hiyo, Nangaa yuleyule aliyetangaza matokeo ya 2019 alikuwa Nairobi akizindua Alliance Fleuve Congo, muungano wa kisiasa uliofungamana na M23. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa Msalaba Mwekundu wamefanya upasuaji wa majeruhi wa vita kwa miaka mingi, ikajaa kupita kiasi. Tangu hapo jiji lina mameya na magavana walioteuliwa na waasi. Wanaharakati wengi wa LUCHA na waandishi wengi wa redio wamekimbia au wananyamaza. Serikali ya Kinshasa kwa upande wake iliwawekea waandishi masharti ya jinsi ya kuzungumzia waasi, na mapema Januari 2025 iliwanyang'anya Al Jazeera vibali baada ya kumhoji kiongozi wa M23. Masisi na Rutshuru bado hawana wabunge waliochaguliwa katika uchaguzi wa 2023, na kwa mujibu wa kalenda ya katiba uchaguzi unaofuata ni wa mwaka 2028.